Hodi Katika Duka la Vifungo

Kwa miaka sita, kila siku saa tatu asubuhi, Mzee Hamud alifika Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, akavua kofia, akafuta jasho, akaivaa tena, kisha akasimama mlangoni mwa duka alilolifungua mwenyewe mwaka 1979 na kupiga hodi.

"Hodi wenyewe!"

Ummy, aliyekuwa ndani akipanga maboksi ya zipu, alitamani ardhi ipasuke immeze. Wateja walikuwa wakicheka. Wachukuzi waliokuwa wakipita na marobota kichwani walikuwa wakicheka. Hata Elibariki, fundi cherehani wa baraza la pili, Mchaga mtaratibu asiyecheka ovyo, aliinamisha uso kwenye mashine yake mabega yakimcheza.

"Karibu, baba. Pita bwana, unaziba njia."

"Nimekaribishwa?"

"Umekaribishwa, baba."

Hapo ndipo alipoingia, kwa mguu wa kulia na bismillahi, akaenda kuketi kwenye benchi la wateja. Kiti cha nyuma ya kaunta hakukikalia tena mpaka alipokufa.

Kariakoo maneno hayauzwi, unapewa bure hata usipoyataka. Wako waliosema mzee amerudi utotoni. Wako waliosema yule binti amemfanyia dawa, maana Mwarabu mzima, na ndevu zake nyeupe, atabishaje hodi kwenye mali yake kwa mtoto wa mchukuzi? Ummy aliyasikia yote hayo na yakamuuma. Alijua sababu ya ile hodi, alikuwapo siku ilipoanza, lakini aliona baba amezidisha. Ilimchukua miaka mingi, na chumba kimoja cha mahakama, kuelewa kwamba hakuzidisha hata chembe.

Huyo mchukuzi aliitwa Mrisho, na ndiye aliyemzaa Ummy. Alikuwa akibeba mizigo ya Mzee Hamud kutoka bandarini mpaka dukani, katoni za vifungo, nyuzi, lastiki na lesi, na mzee alimwamini kuliko alivyowaamini watu wengi waliovaa viatu. Mke wa Mrisho alifariki siku aliyojifungua. Miaka miwili baadaye kifua kikuu kikamchukua Mrisho naye. Ndugu zake walikuja kutoka Rufiji, wakatazamana, kila mmoja ana watoto sita nyumbani. Mzee Hamud na mkewe Bi Fakhriya hawakujaliwa mtoto. Bi Fakhriya alimnyanyua yule mtoto mkekani, akampakata, na hakuna aliyemwomba amrudishe. Wakaondoka naye kwenda nyumbani kwao, mtaa wa Gerezani.

Kuzaa si kazi, kazi kulea, na wawili hao walilea. Walimsomesha, walimvalisha, walimuuguza surua. Kitu kimoja tu walimnyima. Akiwa darasa la tatu alirudi nyumbani analia, kwa sababu wenzake wamemuuliza kwa nini anaishi kwa Hamud na anaitwa Ummy Mrisho.

"Kwa nini mimi siitwi Ummy Hamud?" akamuuliza baba yake.

Mzee Hamud alikuwa anakula. Aliacha kula, akanawa mkono. "Dini yetu hairuhusu kumbadili mtoto nasaba, mwanangu. Utaitwa kwa jina la baba yako."

"Baba yangu si wewe?"

Mzee alimvuta karibu akambusu utosini, na Ummy akaenda kulala na jibu lake mwenyewe, kwamba watu hawa wanampenda, lakini yeye si wa kwao kabisa. Jibu hilo aliishi nalo. Aliolewa Tandika nalo, akaachika nalo, akarudi Gerezani na sanduku lake na jibu lile lile. Akaanza kukaa dukani na mzee, na ndani ya miaka michache alikuwa anaweza kutazama shati kwa mbali na kukwambia kifungo chake kiko boksi gani.

Sasa, mtu mwenye mapenzi anaweza kuharibu jambo kwa mapenzi hayo hayo. Sikukuu ya Idd ya mwaka 2016, baada ya pilau, mbele ya ndugu na majirani waliojaa ukumbini, Mzee Hamud alisimama akatangaza: "Nyote mashahidi. Duka la vifungo ni la Ummy. Nimempa." Watu wakasema mashallah. Bi Fakhriya akapiga kigelegele. Mdogo wake mzee, Abdulatif, muuza mazulia wa Mtaa wa Swahili, akapiga makofi pamoja na wengine. Jumatatu yake Mzee Hamud akafungua duka kwa funguo zake, akakaa kwenye kiti chake, akafungua droo yake, na maisha yakaendelea. Kila mmoja aliona neno limeshatimia.

Ni kosa la watu wengi wa pale mjini. Mdomo umetoa, mkono umeshika.

Aliyewafungua macho, miaka miwili baadaye, ni marehemu Zahoro, jirani yao, muuza mashuka. Na yeye alikuwa amesema mbele ya watu kwamba fremu ya duka lake ni ya mkewe mdogo, Mwanamkuu, na yeye pia aliendelea kukalia kiti chake mpaka siku alipoanguka. Wakaja watoto wa mke mkubwa. Wakaenda kwa masheikh, wakaenda mahakamani, na kote huko jibu likawa moja: zawadi isiyokabidhiwa haijatolewa, bado ni mali ya marehemu, na mali ya marehemu inagawiwa kwa warithi wote. Mzee Hamud alikuwa amesimama kibarazani siku Mwanamkuu alipotoka na thamosi yake ya chai na mto wa kukalia, miaka kumi na tisa ya kazi imeishia hapo. Siku hiyo mzee hakula chakula cha mchana.

Wiki iliyofuata alimchukua Ummy wakaenda Posta, katikati ya jiji, kwa wakili mmoja binti wa Kihadhrami aitwaye Huda, ghorofa ya nne, lifti haifanyi kazi. Mzee alipumzika kila ngazi ya kupindia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nataka kujua. Nikifa leo, huyu anapata nini?"

Huda aliuliza maswali machache, wana watoto wengine, mke yuko hai, ndugu wako wangapi, akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Hapati kitu, mzee. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu mtoto wa kulea harithi. Mama atapata robo, kwa kuwa hamna mtoto wa kuzaa. Iliyobaki yote inaenda kwa ndugu yako."

Ummy alitazama dirishani. Alikuwa akiyajua maneno hayo muda mrefu, ila hakuwahi kuyasikia yakisemwa na mtu aliyevaa miwani.

"Na nikiandika wasia?"

"Wasia unaweza kumwandikia, maana yeye si mrithi. Lakini mwisho theluthi moja ya mali yako, baada ya kulipa madeni na mazishi. Duka peke yake linazidi theluthi?"

"Linazidi."

"Basi itabidi warithi wakubali hicho kilichozidi, na hapo ndipo kesi zinapozaliwa. Ukitaka kumpa duka zima, mpe sasa, kwa hiba, ukiwa hai na mzima. Unaumwa?"

"Magoti tu."

"Magoti si kitu. Ungekuwa umelala kitandani huinuki ningekwambia umechelewa, maana zawadi ya mgonjwa wa kufa inahesabiwa kama wasia." Huda akamgeukia Ummy. "Na wewe lazima ukubali, mbele ya mashahidi. Halafu mzee akukabidhi kweli. Mkataba wa fremu uandikwe upya kwa jina lako, jina la biashara lihamishwe, leseni, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki. Na funguo. Siku hiyo, mzee wangu, unatoka mle dukani huna chako."

Mzee Hamud alivua kofia, akaivaa tena. Mtu aliyezoea kuamka kwa ajili ya kitu kimoja kwa miaka karibu arobaini anaambiwa hana chake, na anaambiwa na msichana wa rika la mjukuu.

"Nikirudi kumsaidia je? Siwezi kukaa nyumbani, nitamtia mama yake wazimu."

"Msaidie. Lakini usirudi kama mwenyewe. Ukirudi ukakaa kiti kile kile na ukashika droo ile ile, kesho mtu atasema ile karatasi ilikuwa danganya toto."

Usiku ule Mzee Hamud alimuuliza Bi Fakhriya, kwa kuwa duka likitoka, fungu lake nalo linapungua. Bi Fakhriya alikuwa anachambua mchele. "Mpe," alisema, wala hakuinua uso.

Ikafanyika hivyo. Hati ikaandikwa, mashahidi wakatia saini: sheikh wa msikiti wa mtaani, mwenye jengo, na Elibariki, aliyevaa shati lake la kanisani kwa heshima. Mzee Hamud akachukua koti lake, redio yake na tasbihi. Akafunga duka, akampa Ummy funguo zote saba, na akaenda nyumbani kwa miguu. Alikaa mwezi mzima bila kukanyaga Mtaa wa Sikukuu, ili kila mtu aone duka linakwenda bila yeye. Mwezi ulipokwisha ndipo akaja na ile hodi.

"Baba, wakili hakusema ubishe hodi," Ummy alimnong'oneza.

"Wakili anakaa Posta. Hawa ninaowabishia hodi wanakaa hapa."

Hakuishia hapo. Akitaka kufungua boksi amtafutie mteja kifungo, aliomba ruhusa. Bi Fakhriya alipotaka zipu ya gauni, mzee aliinunua kwa bei ya mtaani na akasubiri risiti. Simu ya muuza jumla ikilia alimpelekea Ummy: "Mwenye duka huyu hapa, mimi mgeni." Vijana wa mtaani wakampa jina, Mzee Mgeni, naye akaitika. Ummy alifika mahali pa kumkasirikia. Alimwona kama mtu anayemkumbusha kila siku, mbele za watu, kwamba kuna wa ndani na kuna wa nje.

Ukaja mwaka 2019, mwaka wa dengi, na Ramadhani yake. Kumi la mwisho, siku ambazo mafundi wote wa Dar wanashona usiku na mchana na muuza vifungo hapati hata nafasi ya kukaa, Ummy alianguka. Homa, mifupa inavunjika, macho hayataki mwanga. Alilala siku tisa chumbani Gerezani. Funguo zilikuwa ukutani, kwenye msumari, juu ya kichwa chake, na hakuwa na nguvu ya kusema neno lolote la maana kuhusu duka wala kuhusu kitu kingine.

Siku tisa duka halikufunguliwa. Alipopata nafuu na kujua, alilia kwa hasira.

"Baba, si ungefungua tu! Funguo unaziona! Wateja wote wa Idd wamekwenda kwingine!"

"Hukuniambia nifungue."

"Nilikuwa naumwa!"

"Ndiyo. Hukuwa na uwezo wa kuniambia," alisema Mzee Hamud kwa upole, akamkorogea uji. Ummy alikunywa uji ule huku amenuna, na alinuna mpaka Idd ikapita.

Mzee Hamud alifariki mwaka 2024, Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, bila kuugua hata siku moja. Akazikwa Ijumaa. Arobaini ilipopita familia ikakaa kikao, ikamchagua Bi Fakhriya kuwa msimamizi wa mirathi, ikaandika muhtasari, na Bi Fakhriya akaupeleka mahakama ya mwanzo pamoja na cheti cha kifo na orodha ya mali: nyumba ya Gerezani, kiwanja cha Mkuranga na akiba iliyokuwa benki. Duka hakuliandika, kwa kuwa halikuwa la marehemu.

Abdulatif akaweka pingamizi.

Wala asionekane mwizi. Ni mtu wa sala tano, asiyemdhulumu mteja hata inchi moja ya zulia. Lakini alikuwa na watoto watatu, biashara ya mazulia imelala, na mwanawe mkubwa, Zayed, alikuwa akimwambia kila jioni: "Baba, ami alikuwa kila siku mle dukani. Karatasi ile waliitengeneza tu wewe usipate." Neno likisemwa kila jioni huwa lina mahali linapolala. Abdulatif akaenda mahakamani kuomba duka la vifungo liingizwe kwenye mirathi, na ikiwa hivyo, sehemu kubwa ni yake kwa sheria ya Mungu, na Ummy Mrisho hana hata kifungo kimoja. Tangu siku hiyo Ummy aliacha kumwamkia. Alikuwa amemwamkia tangu ajue kusema, kila Idd, kila harusi, kila msiba. Sasa walipokutana kwenye veranda ya mahakama, kila mmoja alitazama upande wake.

Siku ya kusikilizwa chumba kilijaa. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kalamu mbili mezani, na pembeni yake wazee wawili wa baraza, mmoja wao amevaa baraghashia. Huda alikuwa amemwandalia Ummy karatasi ya maswali kumi na moja ya kumuuliza Abdulatif. Ummy alikuwa ameikunja ikawa ndogo kama zipu ya mfukoni, na jasho la kiganja limeanza kufuta wino.

Abdulatif alikula kiapo akasema yake. Kaka yake alikuwa mzee. Alikwenda dukani kila siku, Kariakoo nzima inalijua kuwa ni duka la Hamud, hata leo ukimuuliza mchukuzi atakwambia twende kwa Hamud. Hati iko, hakatai, lakini hati ni karatasi. Mkononi, duka lilibaki la mwenyewe. Hakimu aliandika yote. Bi Fakhriya alisema duka lilitolewa, ila kila mtu alijua Bi Fakhriya atasema hivyo. Mwenye jengo alitoa mkataba wa pango. Kisha akaitwa Elibariki.

"Baada ya siku ya hati," hakimu alimuuliza, "marehemu alikuwa akiingiaje dukani?"

"Kwa hodi, mheshimiwa."

"Kwa hodi vipi?"

"Anasimama nje, anasema hodi wenyewe, anangoja. Asipokaribishwa haingii. Siku moja Ummy alikuwa anapokea mzigo, akamsahau. Mzee alisimama juani kama robo saa. Nikamwambia ingia kwangu ukae. Akasema hapana, nimeshabisha, nangoja jibu."

Watu wakaguna. Ummy hakuikumbuka siku hiyo. Aliitafuta kichwani, hakuiona, na kutokuikumbuka kukamchoma kuliko kama angeikumbuka. Alimwona mzee wa miaka sabini na kitu, magoti yale, amesimama juani mlangoni pake mwenyewe, na akaona kwamba haukuwa mlango wake tena, na kwamba hilo ndilo mzee alilokuwa akilisema kwa mwili wake kila siku ya Mungu, ili lisikiwe na fundi cherehani, na wachukuzi, na wauza maji. Alikuwa anamkusanyia mashahidi. Alikubali kuchekwa kwa miaka sita, akaitwa Mzee Mgeni akaitika. Ummy alishangaa mpaka akaogopa, kama mtu aliyegundua kwamba amekaa nyumba moja na kitu kikubwa na alikuwa akikipita kwenda kuchota maji.

"Kuna lingine?" hakimu aliuliza.

"Liko la mwaka wa dengi," alisema Elibariki. "Ummy aliumwa siku tisa, kumi la mwisho. Mzee alikuja kila siku akakaa nje, duka limefungwa. Mafundi tunamlilia, mzee fungua, anatuelekeza kwa majirani. Siku moja akaja mtu akabishana naye pale nje, akimwambia afungue. Sikusikia walichosema, mashine yangu ilikuwa inalia. Lakini mtu mwenyewe ni yule pale."

Akanyoosha mkono kwa Abdulatif.

Hakimu alimrudisha Abdulatif mbele, akamkumbusha kwamba bado yuko chini ya kiapo. Akamuuliza kama anakumbuka maneno hayo.

Mle ndani hapakuwa na mtu mwingine aliyeyajua. Aliyeyasema amekufa, Elibariki hakuyasikia, Ummy alikuwa hoi kitandani. Abdulatif angesema "sikumbuki", na hilo lingekuwa neno la mwisho duniani kuhusu jambo lile. Zayed, kwenye benchi la nyuma, alikuwa akimtikisia kichwa. Abdulatif alimtazama mwanawe. Kisha akamgeukia hakimu.

"Nakumbuka," alisema.

"Sema."

"Nilimwambia funguo ziko nyumbani kwako, msumarini. Leo kumi la mwisho, watu wanapita na pesa mkononi. Fungua. Akaniambia funguo si zake. Nikakasirika, mheshimiwa. Nikamwambia unamwogopa mtoto wa watu? Kama unampenda hivyo, ungempa jina lako basi, aitwe Hamud, tujue moja. Akaniambia: 'Abdulatif, jina analo, la baba yake. Mrisho hakuacha kitu kingine duniani isipokuwa huyu mtoto na hilo jina. Mtoto nimemchukua mimi. Na jina nimchukulie? Mimi kilichokuwa changu cha kumpa ni hiki tu. Sasa unataka nikichukue tena, mwenyewe amelala na homa?'"

Feni la darini lilikuwa likizunguka, likigonga kidogo kila linapozunguka. Bi Fakhriya alikuwa amejifunika mtandio usoni.

"Ndugu yangu alikuwa amelitoa," alisema Abdulatif. "Nilijua siku ile ile. Nilipokuja hapa kuweka pingamizi, nilikuja najua."

Hukumu ilisomwa wiki mbili baadaye, nayo ilisema kile ambacho kila mtu alikuwa ameshakijua dakika ile: hiba ilikamilika, duka si sehemu ya mirathi. Lakini siku ile bado kulikuwa na utaratibu wa kufuata, na hakimu akaufuata.

"Ummy Mrisho. Una swali kwa shahidi?"

Ummy akasimama. Alisikia jina lake lote, la pili nalo, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la tatu halikumuuma popote. Aliikunjua ile karatasi ya Huda. Maswali kumi na moja, wino umevuja, na hakuna hata moja ambalo halikuwa limeshajibiwa. Mbele yake alikuwa amesimama mzee mwenye pua ile ile na mabega yale yale ya Mzee Hamud, mtu ambaye angeweza kunyamaza.

"Sina swali, mheshimiwa," alisema. Kisha akamgeukia shahidi, akainama kidogo. "Shikamoo, ami."

Abdulatif akamwitikia.

"Marahaba, mwanangu."

Yule mzee wa baraza mwenye baraghashia akamwinamia hakimu, akamuuliza kwa sauti ya chini kama na hilo linaandikwa kwenye jalada. Hakimu akasema ameshaliandika.